Jinsi ya kufunga geti la mtoto likakaa: mwongozo kamili kwa nyumba za tofali, vigae na reli za chuma

Malalamiko yanayorudi kila mara ni matatu. Geti limekaa upande na komeo haifiki. Geti lilikuwa imara wiki ya kwanza, kisha mtoto akalisukuma likalala chini. Skrubu zimetoka ukutani pamoja na kipande cha lipu (plasta).

Mara nyingi geti lenyewe halina kosa. Limewekwa mahali pasipolifaa, au limeshikizwa kwenye lipu badala ya tofali. Karatasi ya maelekezo inayokuja kwenye boksi haisaidii sana, maana imeandikwa kwa kuta za mbao na jipsamu. Haisemi chochote kuhusu lipu yenye unene wa sentimita mbili, skatingi ya vigae (ule ukanda wa chini ya ukuta, unaogusa sakafu), au ngazi yenye reli ya skweapaipu. Mwongozo huu umeandikwa kwa nyumba hizo.

Tenga nusu saa kwa geti la kubana. Kwa geti la skrubu tenga saa mbili hadi tatu na uwe na mtu wa pili wa kukushikia. Mtoto akae chumba kingine mpaka umalize na kufagia: vumbi la saruji, skrubu na vipande vya plastiki vyote ni hatari kwake.

## Aina mbili, kila moja na mahali pake

Geti la kubana halihitaji kutoboa ukuta. Lina bolti nne, mbili kila upande, ambazo unazizungusha zirefuke mpaka zikandamize kuta mbili. Chini lina upau unaounganisha pande zake, na mtu hupita kwa kuuvuka. Linafaa mlango wa jikoni, korido, mlango wa kwenda barazani na chini ya ngazi.

Geti la skrubu linashikiliwa na bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, vyote vimefungwa ukutani. Chini hakuna upau. Juu ya ngazi weka hili tu.

Hapo hakuna mjadala, na sababu ni mbili. Geti la kubana linashikwa na msuguano peke yake, na mtoto anayeliegemea na kulitikisa kila siku hulilegeza kidogo kidogo. Likiachia mlangoni, anaangukia sakafu. Likiachia juu ya ngazi, anashuka nalo ngazi nzima. Sababu ya pili ni ule upau. Mfikirie mama aliyembeba mtoto, amevaa dera refu, umeme umekatika, naye anauvuka upau ulioinuka kwenye ukingo wa ngazi. Akijikwaa wanaanguka wawili. Muuzaji akikuambia geti la kubana "linafaa kote", usikubali.

Kama fedha inatosha geti moja, nyumba ya ghorofa ianze na juu ya ngazi. Nyumba ya chini ianze na jikoni, kwenye jiko la mkaa, mtungi wa gesi na sufuria za moto.

Kabla ya kulipa, kagua haya:

- Kimo cha geti ni sm 75 au zaidi.
- Fito zimesimama wima na nafasi kati yake haizidi sm 6. Fito za kulala ni vipandio kwa mtoto.
- Likifungwa, nafasi kati ya geti na sakafu haitazidi sm 5.
- Lina alama ya kiwango cha EN 1930 cha Ulaya au ASTM F1004 cha Marekani.
- Komeo inahitaji vitendo viwili, kwa mfano kubonyeza kisha kuinua.

Geti la mtumba si baya, ila hesabu vitu: bolti nne za kubania, nati zake, vikombe vinne vya ukutani (visahani vinavyopokea bolti), na spana yake ndogo. Bolti moja ikikosekana usijaribu kuokoteza bolti ya kufanana nayo, kwa sababu nyuzi zake hutofautiana kati ya watengenezaji. Yaache kabisa mageti ya zamani ya mbao yanayokunjuka na kuacha pembe za V juu; kichwa au shingo ya mtoto inaweza kunasa humo.

## Vifaa

Kwa geti la kubana:

- futi ya kupimia na penseli
- pima maji, hata ile fupi ya sm 30
- kitambaa na spiriti ya kusafishia ukuta
- spana iliyokuja na geti
- vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa na skatingi (utaona sababu yake)
- skrubu nne ndogo na fisha nne za mm 6, kwa ajili ya vikombe (fisha ni zile plagi za plastiki za ukutani, ambazo Kenya wengi huziita rolplagi)

Kwa geti la skrubu ongeza:

- drili ya nyundo, na biti ya saruji ya mm 8
- biti ya vigae ya mm 8, kama utatoboa kigae
- fisha nane za mm 8, zenye urefu wa sm 4
- skrubu nane za mm 5 kwa mm 70
- bisibisi ya nyota, nyundo, na msumari wa inchi nne
- selotepu ya karatasi
- miwani ya kazi na kitambaa cha kufunika pua

Skrubu zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni fupi, mm 40 au 50. Zimekusudiwa mbao. Ziweke pembeni, kwenye ukuta wenye lipu hazifiki mahali penye nguvu.

## Pima mara tatu, sehemu tatu

Watu wengi hupima upana mara moja, kwa usawa wa kiuno, kisha wanakwenda dukani. Kosa linaanzia hapo.

Pima kwanza sakafuni, kati ya skatingi na skatingi. Pili, pima juu kidogo ya skatingi, ukuta kwa ukuta. Tatu, pima kwenye kimo cha sm 75. Andika zote. Skatingi ya kigae hutokeza kama sentimita moja kila upande, ya mbao hata mbili, kwa hiyo chini panaweza kuwa pembamba kuliko juu kwa sm 2 hadi 4. Tena lipu haisimami timazi kila mahali.

Geti la kubana la kawaida hushika nafasi ya takribani sm 75 hadi 82. Mlango wa ndani wa sm 90, ukitoa fremu ya mbao ya inchi mbili kila upande, hubaki na sm 80 hivi, na geti hilo linaingia. Korido ya mita moja au zaidi itahitaji viungo vya kurefusha. Nunua vya mtengenezaji yule yule, na usizidishe idadi anayoruhusu. Kila kiungo kinaongeza mahali pa kupinda.

Nafasi ikizidi uwezo wa geti, usizibe kwa kipande cha plaiwudi kilichofungwa kamba. Chagua geti pana la skrubu, au chongesha; maelezo yako mbele.

## Kufunga geti la kubana

1. Lisimamishe mlangoni kabla ya kufunga chochote.
Utaona limepinda. Mlango wake na fremu haviko sambamba, na komeo imeachana na mahali pake kwa sentimita moja hata tatu. Hapa ndipo mageti mengi mazima hurudishwa dukani kama mabovu. Limetengenezwa hivyo makusudi: bolti zikikandamiza, fremu inasukumwa ndani na nafasi hiyo inajifunga. Usilinyooshe kwa mikono.

2. Sawazisha juu na chini.
Kama kuna skatingi, bolti za chini zitagusa skatingi na za juu zitagusa ukuta. Weka kipande cha mbao chenye unene wa skatingi nyuma ya kila kikombe cha juu, ukikifunga kwa skrubu ukutani. Bila hivyo utalazimika kurefusha sana bolti za juu, na bolti iliyotoka sana huyumba.

3. Funga vikombe.
Vikombe ni vile visahani vinne ambavyo bolti huingia ndani yake. Watu huviacha kwenye boksi wakidhani ni vya ziada. Bila vikombe, mpira wa bolti huteleza juu ya rangi ya mafuta au kigae kama sabuni. Weka alama mahali bolti zote nne zinapogusa, safisha kwa spiriti, acha pakauke. Kwenye kigae gundi ya kikombe inatosha. Kwenye rangi ya maji, gundi hubandua rangi na kuondoka nayo, kwa hiyo tumia skrubu na fisha za mm 6.

4. Weka geti katikati.
Nafasi ya kushoto na kulia iwe sawa. Zungusha bolti kwa mkono mpaka zote nne ziguse vikombe.

5. Kaza za chini kwanza.
Mzunguko mmoja kushoto, mmoja kulia, mpaka geti lisimame bila kushikwa. Za chini ndizo zinazobeba geti. Ukianza na za juu, chini patatelezea nje.

6. Kaza za juu huku ukiangalia komeo.
Nusu mzunguko, simama, tazama. Kaza mpaka nafasi kati ya mlango na fremu iwe sawa kutoka juu hadi chini, mm 3 hadi 5.

Ukifaulu, geti linajifunga lenyewe ukiliachia, unasikia mlio wa komeo kuingia, na ukitikisa fremu hakuna kinachocheza. Komeo ikikwama, umekaza kupita kiasi. Legeza za juu nusu mzunguko. Lipu ikianza kuonyesha ufa kuzunguka kikombe, simama hapo hapo. Weka ubao wa sm 10 kwa 10 nyuma ya kikombe ili nguvu isambae.

7. Rudi kesho yake.
Mpira hubonyea na rangi hukandamizika usiku kucha. Karibu kila geti la kubana huhitaji robo au nusu mzunguko baada ya saa 24. Ruka hatua hii na baada ya wiki utakuwa na lile lalamiko la pili.

## Kufunga geti la skrubu juu ya ngazi

1. Chagua mstari wake.
Geti likae juu kabisa kwenye sakafu ya ghorofa, nyuma ya ukingo, kamwe lisikae juu ya kipandio. Lifunguke kuelekea ndani, kwenye sakafu, si kuelekea ngazi. Geti linalofungukia ngazi humvuta mtu mzima mbele, na mtoto aliyelishika huning'inia hewani nalo. Kama geti lako lina kizuizi cha kulizuia lisifunguke upande wa ngazi, kiweke.

Tazama na kilicho karibu. Kabati la viatu, ndoo au kigoda pembeni ya geti vitamfanya mtoto apande na kuvuka.

2. Jua ukuta wako.
Gonga kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito maana yake tofali limejaa au ni nguzo ya zege. Sauti ya uwazi inaweza kuwa tofali lenye matundu, au lipu iliyoachana na tofali. Gonga huku na huku: kama uwazi unasikika sehemu moja tu, lipu imeachia hapo, hamisha matundu au ibomoe na kupiga upya.

3. Epuka waya na mabomba.
Swichi ya taa ya ngazi mara nyingi iko pale pale geti linapotakiwa kukaa. Mabomba ya waya ndani ya ukuta hupita wima juu au chini ya swichi na soketi, wakati mwingine huenda mlalo. Usitoboe ndani ya sm 15 kutoka kwenye mistari hiyo. Zima saketi ya eneo hilo na uvute umeme wa drili kutoka upande mwingine wa nyumba. Kama bafu liko nyuma ya ukuta huo, muulize fundi bomba kwanza.

4. Piga alama.
Shikilia kibati cha bawaba ya chini ukutani kwa kimo kinachoelekezwa na mtengenezaji, weka alama. Kisha tumia pima maji kupandisha mstari wima, na upige alama za bawaba ya juu kwenye mstari huo huo. Bawaba zisipokuwa wima, geti litajifungua au litaburuza sakafu.

Alama zikae sm 5 au zaidi kutoka kwenye kona ya ukuta. Karibu na kona lipu humeguka, na tofali lenyewe linaweza kupasuka ncha.

5. Toboa kwa kina cha sm 7.5.
Funga selotepu kwenye biti kuonyesha kina hicho. Anza drili bila nyundo mpaka biti ishike, kisha washa nyundo. Ishike sambamba na sakafu.

Sikiliza na uangalie vumbi. Lipu hutoa vumbi laini na biti hupenya kwa urahisi. Ukifika kwenye tofali, kasi hupungua na chenga huwa kubwa kidogo. Biti ikigoma kabisa na vumbi likawa na punje za chuma, umegusa nondo ya nguzo. Usilazimishe; sogeza tundu sm 2 juu au chini pamoja na kibati chake.

Kwenye kigae, bandika selotepu ya karatasi juu ya alama ili biti isiteleze, toboa kigae kwa biti yake bila nyundo, ukidondoshea maji kidogo. Ukishapita kigae ndipo urudi kwenye biti ya saruji. Nyundo juu ya kigae inakipasua.

6. Toa vumbi, kisha zamisha fisha.
Puliza tundu kwa pampu ya baiskeli au mrija, ukiwa umevaa miwani. Vumbi lililobaki hufanya fisha izunguke bila kushika.

Sasa jambo linaloamua kama geti litakaa. Fisha ya sm 4 ukiiacha usawa na uso wa ukuta, nusu yake imo ndani ya lipu, na lipu haina nguvu ya kuzuia chochote. Ndiyo maana skrubu hutoka na kipande chake. Weka kichwa cha msumari wa inchi nne kwenye mdomo wa fisha na uigonge taratibu mpaka izame sm 2 ndani, ipite lipu na iingie yote kwenye tofali. Skrubu ya mm 70 itaifikia na kuijaza. Ya mm 40 haitafika hata katikati.

7. Funga bawaba.
Kaza kwa bisibisi ya mkono. Drili hukaza haraka mno na kukata nyuzi ndani ya fisha. Skrubu nzuri inakuwa nzito kuanzia katikati ya safari na mwisho inagoma. Ikizunguka nyepesi mpaka mwisho, haijashika: itoe, tumia fisha ya mm 10 na skrubu nene zaidi, au toboa upya sm 3 pembeni. Njiti ya kiberiti ndani ya tundu ni dawa ya picha ya ukutani. Kwa geti la ngazi haikubaliki.

8. Ning'iniza geti, ndipo upige alama za komeo.
Usipige alama za pande zote mbili kwa pamoja. Ning'iniza geti kwenye bawaba, lirefushe mpaka ukuta wa pili, lipime kwa pima maji, na mwenzako alishike wakati unachora mahali pa komeo. Toboa na ufunge kama ulivyofanya bawaba.

Ukimaliza, geti linasimama pale unapoliacha bila kujisogeza, linafunga kwa mlio, na vibati havisogei hata ukilinyanyua kwa nguvu kwenye ncha ya komeo.

### Tofali lenye matundu, au lipu usiyoiamini

Usihangaike na fisha moja moja za geti. Chukua ubao mgumu, mninga au mvule, wenye upana wa sm 10, unene wa sm 3 hadi 4 na urefu wa sm 85. Ufunge ukutani wima kwa skrubu ndefu sehemu nne, ukitafuta viungo vya saruji au zege iliyojaa. Kisha funga vibati vya geti kwenye ubao huo kwa skrubu za mbao za mm 30. Hapa zile za kwenye boksi zinaweza kufaa, mradi zisizidi unene wa ubao. Nguvu inagawanyika sehemu nne, na skrubu za geti zinang'ata mbao. Huu ndio mpango bora kwa kuta nyingi za nyumba za kupanga, na kwa mwenye nyumba unabakiza matundu manne tu ya kuziba.

## Upande mmoja ukuta, upande wa pili reli ya chuma

Ngazi nyingi ziko hivi. Usitoboe reli: tundu hudhoofisha bomba jembamba na hukaribisha kutu, na pwani kutu hiyo haichukui muda. Geti la kubana nalo lisikandamize reli, maana reli inasukumika nje na geti linalegea.

Simamisha ubao kama ule wa juu kwenye nguzo ya reli, upande wa ndani. Ufunge kwa yubolti tatu (bolti zilizopinda kama herufi U) za ukubwa wa bomba lako, moja chini, moja katikati, moja juu. Kwa skweapaipu chagua yubolti za mraba. Za mviringo hazikai. Kama reli ni ya stenlesi, weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya ubao na bomba, la sivyo ubao utazunguka. Nati zikae upande ambao mtoto hafiki, ncha zilizozidi ukate kwa msumeno wa chuma na kuzilainisha kwa tupa.

Nafasi inayobaki kati ya ubao na fito ya kwanza ya reli isizidi sm 6. Ikizidi, tumia ubao mpana zaidi. Pima na nafasi za reli yenyewe: geti imara pembeni ya reli yenye uwazi wa sm 15 halimlindi mtoto, na hapo utahitaji kuziba reli pia.

## Nyumba za mawe ya matumbawe

Lamu, Mombasa ya zamani na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Ni nene lakini laini, na drili ya nyundo humegua tundu likawa pana kuliko fisha. Toboa bila nyundo, na uufunge ubao kwenye fremu ya mbao ya mlango pale inapowezekana. Juu ya ngazi zisizo na fremu, mwite seremala aweke nguzo ya mbao iliyoshikwa sakafuni na kwenye boriti. Skrubu ndani ya chokaa peke yake hazitakaa.

## Ukiamua kuchongesha kwa fundi wa chuma

Hili linafaa kwa nafasi pana au ngazi ya upana usio wa kawaida. Mpe fundi vipimo kwa maandishi, la sivyo atakutengenezea geti dogo la uani:

- kimo sm 80, fito wima tu, hakuna upau wa kulala katikati wala maua ya mapambo
- uwazi kati ya fito sm 5, na chini sm 4
- juu pawe sawa, hakuna ncha
- viungo vyote vya kuchomea visagwe mpaka kidole kipite bila kukwaruzika
- komeo iwe upande wa ngazi, chini ya usawa wa juu wa geti, ya kuinua kisha kuvuta
- rangi isiyo na madini ya risasi, ikauke kabisa kabla mtoto hajalifikia, maana ataling'ata

Bawaba asizichomee kwenye reli jembamba ya ngazi. Aziweke kwenye kibati chenye matundu manne kinachofungwa ukutani.

## Lijaribu kabla ya kuliamini

Kutikisa kwa mkono hakutoshi. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo au samaki, ifunge kamba kwenye fito na uvute kwa utulivu mpaka isome kilo 14. Hiyo ni karibu nguvu ambayo kiwango cha Marekani kinataka geti la kubana listahimili. Vuta sehemu tano: pembe nne na katikati. Vuta kuelekea upande ambao mtoto angesukuma.

Fremu ikihama au kikombe kikisogea, rudi kwenye kukaza. Bado likihama, mahali hapo panataka geti la skrubu.

Kisha wafundishe wote wa nyumbani kulifungua na kulifunga kwa mkono mmoja: dada wa kazi, bibi, kaka wakubwa, mgeni wa wiki. Asiyejua kulifungua ataliruka, na watu wazima huumia kwa kuruka mageti. Anayeliacha wazi "mara moja tu" ameliondoa. Kwenye upau wa chini wa geti la kubana bandika utepe unaong'aa gizani, kwa ajili ya usiku umeme ukikatika.

## Kulitunza, na wakati wa kulitoa

Kila wiki kaza bolti za geti la kubana. Kila mwezi kaza skrubu, na paka mafuta ya cherehani tone moja kwenye bawaba. Pwani, futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevu.

Geti ni la mtoto kuanzia anapotambaa, miezi sita hivi, mpaka miaka miwili. Siku utakapomwona anaweka mguu juu yake, au anaifungua komeo, litoe hata kama hajafikisha umri huo, kwa sababu kuanguka kutoka juu ya geti ni kubaya kuliko kuanguka bila geti. Anza kumfundisha kushuka ngazi kinyumenyume, tumbo likielekea vipandio, miezi kadhaa kabla ya siku hiyo.

Ukilitoa, zing'oe fisha kwa kuingiza skrubu nyuzi chache na kuivuta kwa koleo. Ziba matundu kwa saruji nyeupe au poda ya skimu iliyokorogwa nzito, tabaka mbili, ya kwanza ikauke kabla ya pili. Kama unampa mtu geti hilo, tia bolti zote, vikombe, spana na karatasi ya maelekezo kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye fremu.